Zamu ya Saa Tisa Usiku

Kuna neno moja ambalo siku hizi likitamkwa mbele yangu najikuna kichwa. Neno lenyewe ni "uvumilivu". Wageni wanaokuja kujitolea huku kwetu wanalipenda kweli kweli. Ukibahatika kusoma wanayowaandikia watu wa kwao utakuta mambo ni yale yale: maji hayatoki, umeme umekatika tena, lakini Watanzania ni wavumilivu mno, wao wanatabasamu tu. Na sisi tumelidaka neno hilo, tunalivaa kama fulana ya kampeni. Mimi fulana hiyo hainienei, na leo nitawaambia kwa nini.

Naishi Mkuyuni, hapa hapa Mwanza, ukitoka mjini kama unakwenda Butimba na Nyegezi. Nyumba yetu iko upande wa mlimani, ni zile mnazozijua: mbele nyumba ya mwenye nyumba, nyuma vyumba sita vya wapangaji vinavyotazamana, uani bomba moja, mita moja ya maji, Luku moja. Agosti 2023 tukaongezeka. Akaja binti wa Kijerumani, miaka 19, kujitolea mwaka mzima katika shule ya watoto wadogo huko Butimba. Alikuja kwa mpango wa serikali ya kwao unaoitwa weltwärts, ambao ulianza mwaka 2008 na unawapeleka vijana wao kwenye nchi kama zetu. (Wajerumani na Mwanza ni watu wa siku nyingi, mji huu una udugu na mji wa Würzburg tangu 1966.) Waliomleta walimtafutia chumba kwenye nyumba ya mbele, chumba masta, choo humo humo ndani, cha kuflashi. Walidhani wamempunguzia shida.

Jamani, choo cha kuflashi ni kizuri maji yakiwepo. Yasipokuwepo ni balaa. Sisi wa nyuma tuna choo cha shimo, kopo moja la maji linatosha. Yeye kila akienda chooni anamwaga nusu ndoo. Wiki ya kwanza tu maji yalipokata siku mbili, chumba chenye kodi kubwa kuliko vyote ndicho kilichokuwa na hali mbaya kuliko vyote. Wiki ya pili akawa anakuja kuazima ufunguo wa choo chetu.

Sasa, mtu wa mbali anaweza kuuliza, mnakosaje maji na ziwa lile pale? Mgeni wetu aliuliza hivyo hivyo, tena kwa heshima zote. Ukisimama mlangoni kwetu unaliona ziwa lote, na ni ziwa la pili duniani kwa ukubwa kati ya yale ya maji baridi. Tatizo ni kwamba ziwa liko chini na Mwanza iko juu ya mawe. Maji lazima yavutwe na pampu, yasafishwe, yasukumwe mpaka kwenye matenki ya vilimani, halafu ndiyo yateremke kwa uzito wake kwenda majumbani. Pampu zinataka umeme. Kwa hiyo umeme ukikatika asubuhi, bomba bado linatoa, unajiona mjanja. Jioni au kesho yake tenki la kilimani likikauka ndipo bomba linapokohoa. Wanaoanza kukosa ni wa juu, wa bondeni wanaendelea kufua kwa raha zao. Umeme ukirudi nayo si papo hapo: mabomba makubwa yanajaa kwanza, wa bondeni wanapata kwanza, sisi wa mlimani tunapata watu wakiwa wamelala na wamefunga mabomba yao. Yaani kwetu saa ya maji ilikuwa saa tisa usiku.

Na mwaka 2023 umeme ulikatika kweli. Mtakumbuka wenyewe, ule mgao ulioanza kuuma kuanzia Septemba, nchi nzima. Rais Samia alimteua mkurugenzi mpya wa shirika la umeme mwezi huo huo na kumpa miezi sita tatizo liwe limekwisha. Magazetini, likiwemo la kwetu, tuliandika megawati. Uani kwetu hakuna aliyejua megawati ni mnyama gani. Kule mgao ulipimwa kwa mambo mengine: samaki wa mwenye nyumba waliooza kwenye friji, pasi ya mkaa iliyoibuka kutoka uvunguni, kinyozi wa jirani aliyegeuka kuwa muuza mihogo, simu inayopelekwa kuchajiwa kwa mwenye jenereta na kuachwa huko ukiomba Mungu usiibiwe.

Kuna jambo moja la usiku wa mgao ambalo nalipenda hata hivyo. Umeme ukikatika Mkuyuni, mji unaoonekana ni ule wa ziwani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, usiku usio na mbalamwezi, na kutoka kwetu mlimani unaona taa zao zimetapakaa kama vile Mwanza imehamia majini. Mgeni wetu alikaa kwenye jiwe akiangalia mpaka usiku. Jirani yangu anayeuza dagaa sokoni Mkuyuni alimwambia, "Zile taa mwanangu ndiyo ada ya shule."

Huyo mama ndiye mwenye habari hii, pamoja na binti yake wa kwanza aliyekuwa kidato cha nne, mtihani wa taifa Novemba. Wako watano kwenye chumba kimoja. Mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi dagaa. Kwa hiyo ile saa tisa ya maji ilikuwa ya binti.

Uani tulikuwa na zamu. Mama mwenye nyumba aliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko: kila usiku mtu mmoja analala sikio wazi, bomba likianza kukohoa anaamka, anaziacha dakika za kwanza zipite kwa sababu kinachotoka ni upepo na tope (na mita inazunguka kwa upepo huo, msiniulize), halafu anajaza kwa utaratibu. Kwanza majaba ya wote, kisha madumu ya kila chumba, la mwisho ndoo ya choo. Usipoamka, vyumba sita vinaamkia mkokoteni. Chumba cha watu watano kilipewa zamu mbili kwa wiki kwa sababu kinatumia zaidi. Ni haki. Lakini haki hiyo iliangukia kwa binti wa miaka 17 anayetakiwa kukumbuka fizikia saa mbili asubuhi. Jioni alikosa taa ya kusomea, usiku alikosa usingizi. Mwalimu akamwita mama yake: mtoto anasinzia darasani, kuna nini nyumbani?

Mgeni wetu alikuwa na daftari. Wazungu na madaftari! Aliandika kila ndoo aliyotumia, nadhani mwanzoni kwa sababu ya hofu tu, kama mtu anavyohesabu akiba. Baadaye akaanza kuuliza na wengine. Jioni moja alinionyesha. Yeye peke yake, pamoja na kile choo chake, alikuwa anamaliza karibu lita 90 kwa siku. Chumba cha mama wa dagaa, watu watano, lita 100. Alikaa kimya akiangalia namba zake.

Mimi namba iliyonikaa ni nyingine. Siku tulizokosa maji kabisa, dumu la lita 20 la mkokoteni lilikuwa linafika shilingi 500 kufikishwa kwetu mlimani. Madumu 50 ni lita 1,000, yaani uniti moja ya mita. Piga hesabu: shilingi 25,000. Uniti hiyo hiyo ikipita kwenye bomba haifiki hata 3,000. Umeme nao una kituko chake. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi ililipa shilingi 100 kwa uniti, bei iliyowekwa kwa ajili ya wanyonge. Sasa wanyonge saba wakichangia Luku moja, mwezi haujafika katikati uniti 75 zimepita, na kundi la bei linalofuata lilikuwa 292 kabla ya kodi. Kwa hiyo mwenye nyumba yake peke yake, taa nne na runinga, anaitwa mteja mdogo. Mama wa dagaa mwenye taa moja anahesabiwa pamoja na friji ya mwenye nyumba, sabufa ya kijana wa chumba namba nne, na ile jagi ya kuchemshia maji ambayo mpaka leo hakuna aliyekiri kuwa ni yake.

Mgeni alipoelewa hesabu hizo alifanya ambalo wengi wangefanya. Aliwaandikia wazazi na rafiki zake, wakakubali kuchanga: tenki la lita 2,000, jukwaa la zege, pampu ndogo. Maji yakitoka usiku yanajaa yenyewe, watu wanalala. Alikuja kwangu akiwa na furaha, akaniomba nitafsiri kikaoni, maana Kiswahili chake kilikuwa kinatosha salamu na sokoni tu.

Tukakaa chini ya mwembe Jumapili. Nikatafsiri. Mama mwenye nyumba akamshukuru Mungu kwa sauti. Kijana wa chumba namba nne akapiga makofi. Mama wa dagaa alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso, akauliza swali moja tu:

"Tenki likishawekwa, kodi itabaki ile ile?"

Wadau, nimefanya kazi ya kuuliza maswali kwa mshahara, na sijawahi kusikia swali likinyamazisha watu namna ile. Mgeni akaniangalia, anasubiri nitafsiri jibu. Jibu lenyewe halikuwepo.

Mama mwenye nyumba si mtu mbaya. Angeweza kusema ndiyo, halafu Januari akapandisha. Alisema ukweli. "Nyumba yenye tenki na nyumba isiyo na tenki, bei si moja. Mnajua wenyewe. Na hilo pampu likiharibika yeye akiwa kwao, nani atalitengeneza? Si mimi?" Mama wa dagaa akasema, "Basi mimi nitahama kabla sijalinywa." Akaendelea na mchele wake.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno. Binti wa watu akawa mwekundu, akauliza kama amekosea. Nikamwambia hapana, tenki ni zuri, hesabu tu ndiyo haijaisha. Msaada ukiingia kwenye nyumba ya mtu, unakuwa mali ya mwenye nyumba. Mpangaji anaulipia kila mwezi. Hili siyo la Mkuyuni peke yake, na wala sisemi watu wasisaidiwe. Nasema mtu wa kwanza kuulizwa awe yule anayelipa kodi. Fedha za tenki hatimaye zilikwenda kule shuleni alikokuwa anafanya kazi, na huko kulikuwa na mahali pake.

Siku mbili baadaye akaja na wazo la pili, dogo zaidi. Zamu za yule binti, Jumatatu na Alhamisi, achukue yeye mpaka mtihani uishe. Akasema saa tisa usiku kwake si tatizo, watoto wa shule ya awali hawana fizikia.

Hapo ndipo palipokuwa na ubishi wa kweli, zaidi hata ya tenki. Mama wa dagaa alikataa katakata. Mgeni ateke maji ya mwanangu usiku? Watu watanionaje? Ni bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba, Msukuma wa kweli asiyependa maneno mengi, aliyemaliza. Mgeni siku mbili, alisema, siku ya tatu mpe jembe, na huyu ameshakaa mwezi wa pili. Akamwita binti wa Kijerumani akampa tochi yake mwenyewe.

Usiku wa kwanza niliusikia wote kutoka chumbani kwangu. Bomba likakohoa. Mlango ukafunguka. Upepo ukapuliza kwenye bomba kwa ule mlio wake wa kutisha, binti akaruka nyuma akapiga ndoo teke, mbwa wa jirani wote wakaamka. Halafu kimya. Halafu maji kwenye jaba, ule mlio mzito unaobadilika kadiri linavyojaa. Asubuhi tulikuta majaba yote yamejaa mpaka ukingoni, na tope nalo limo, kwa sababu hakuacha dakika za kwanza zipite. Hakuna aliyesema neno. Bibi alifunika majaba akasema yatatuama.

Hili la kutuama nalo lina hadithi. Kuna wiki Oktoba maji hayakutoka kabisa na ikabidi tuchote ziwani. Kitabu cha mwongozo cha mgeni kilimkataza kugusa maji ya ziwa, kwa sababu ya kichocho. Hawakumdanganya. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama humo, na huku kwetu kanda ya ziwa ugonjwa huu ni wa siku zote. Kitabu hicho hicho kilieleza kwamba maji yakikaa siku mbili kwenye chombo bila konokono, vimelea hivyo hufa, unaweza kuyaogea. Alipomweleza bibi, kupitia kwangu, bibi akashangaa kwamba wameandika kitabu kwa ajili ya hilo. Yeye tangu akiwa msichana maji ya ziwa yanalala nyumbani siku mbili kabla ya kuogewa. Sababu yake ni tope. Lakini kuhusu anayeingia ziwani kuchota, miguu ndani ya maji mpaka magotini, kitabu hakikuwa na la kusema, na bibi naye hakuwa nalo. Anayeingia ni binti wa mtu. Siku hiyo niliingia mimi na kijana wa chumba namba nne, kwa kuwa tulikuwa hatuna mtihani.

Binti akalala usiku mzima kwa mwezi na nusu. Jioni alisomea taa ndogo ya sola ya mgeni, ile ya kuvaa kichwani iliyokuwa inamfanya aonekane kama mchimbaji wa Geita. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, na kila zilipogonga mabati watu wote tulitoka na ndoo, beseni na sufuria, hata saa saba usiku, bila zamu. Januari 2024 kipindupindu kikatajwa Mwanza na mikoa ya jirani, mkaa ukaisha kwa kuchemsha maji ya kunywa. Mwezi huo huo matokeo yakatoka: daraja la pili. Mama wa dagaa aligawa dagaa uani kote, bure, wale wakubwa wakavu. Februari mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji ukaanza kuingiza megawati 235 kwenye gridi, na mgao ukapungua mpaka watu wakaanza kusahau pasi za mkaa zimewekwa wapi.

Ni katika siku hizo mgeni aliniletea ripoti yake ya kupeleka kwao, nimsaidie kuhakiki majina ya mahali. Na mle ndani nikaliona lile neno. Watu wa hapa ni wavumilivu. Nikamuuliza, Jumatatu saa tisa usiku ulipokuwa bombani, ulikuwa unavumilia? Akafikiri. Akasema hapana, alikuwa anafanya kazi, na alikuwa amekasirika. Nikamwambia basi na mama wa dagaa hivyo hivyo. Mvumilivu anakaa, anangoja. Huyu ana ratiba ya chaki, ana hesabu ya kodi kichwani, anajua bei ya dumu kwa kila mkokoteni, na amekukatalia tenki kwa sababu alilipigia hesabu mpaka mwaka unaofuata. Na tofauti yenu ni kwamba wewe zamu yako ina tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye tiketi. Akalifuta neno. Sijui aliandika nini badala yake, ripoti ilikuwa ya Kijerumani.

Aliondoka Agosti 2024. Daftari alimwachia bibi, ambaye hasomi, lakini analo mpaka leo chini ya mto. Chumba masta sasa anakaa afisa mmoja wa benki, naye ana majaba matatu humo ndani, kila mtu na akili zake. Chanzo kipya cha maji cha Butimba, kilichojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, kimefanya bomba letu likohoe mapema kidogo, lakini chaki bado iko nyuma ya mlango wa jiko.

Yule binti alikwenda kidato cha tano, shule ya bweni ya mbali. Likizo ya kwanza aliporudi tulimuuliza habari za huko. Akasema chakula kibaya, walimu wazuri, maji ni ya mgao, bomba moja kwa mabweni mawili, wasichana walikuwa wanapigana ndoo kila usiku mpaka yeye alipoomba chaki akaandika zamu. Wamemchagua kiranja wa maji.

Mama yake alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Halafu akamuuliza kama na yeye kiranja anaamka saa tisa.

"Mimi napanga tu," akasema binti.